Foku ya Inchi Tano

Nianze kwa kukiri kwamba sikuwahi kuipenda ile baiskeli. Ilikuja nyumbani wakati kifungua mimba wetu alikuwa anajifunza kutambaa, na mtoto huyo sasa ana ndevu na watoto wake mwenyewe. Mume wangu aliinunua kutoka kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akifundisha hesabu, ambaye alikuwa anafunga mizigo arudi kwao. Ilikuwa na springi mbele na springi nyuma, kitu ambacho mtaa wetu wa Lanet haukuwa umekiona, na majirani walikuja kubonyeza kiti kwa kiganja na kucheka kikirudi juu. Mimi niliuliza tu mzigo utafungwa wapi. Haikuwa na keria, na hata ungeifunga keria ingeyumbayumba na ile springi ya nyuma. Swali langu halijajibiwa mpaka leo.

Kwa zaidi ya miaka ishirini ilimbeba kwenda kazini. Kazi yake ilikuwa ng'ombe: kuwapandisha kwa mbegu za chupa, kuwadunga sindano, kuvuta ndama waliokwama. Wakulima walimwita daktari ingawa hakuwa daktari, naye hakuwasahihisha. Alipanda nayo mpaka Bahati, akavuka msitu, akateremka Subukia, akaingia vijia vya kwenye kahawa na mahindi ambavyo gari haliwezi, na jioni akarudi na matope mpaka kwenye nyusi. Mimi nilikuwa nashona chumba cha mbele. Nilikuwa namsikia akiwa bado yuko kwenye kona, kwa sababu mnyororo wa ile baiskeli una sauti yake.

Halafu fahali mmoja huko Subukia akambana kwenye nguzo za boma. Mfupa wa paja ulivunjika mara mbili. Walimtia chuma ndani ya mfupa, wakamshona, wakaniambia niende naye nyumbani.

Sitaki kueleza sana mwaka na nusu uliofuata. Anayejua kumhudumia mtu mzima anajua, na asiyejua nimwombee asijue mapema. Nilimwinua kitandani, nikamwinua kwenye kiti, nikamwinua chooni. Nilimvisha soksi. Nilimwogesha, naye akaniambia maji ni moto, nikapoza, akaniambia ni baridi. Alipoanza kutembea kwa fimbo nilifikiri nitapumua, kumbe ndipo alipohamia chumba changu cha kushonea. Alikaa kwenye kiti cha wateja kutoka asubuhi. Alisikiliza vipimo vya wanawake wa watu. Aliniambia mshono wangu umepinda. Mimi nimeshona sare za shule za Lanet kabla hata hizi nyumba mpya hazijajengwa, na mtu aliyeshinda maisha yake nyuma ya ng'ombe ananiambia mshono umepinda.

Na hata alipokuwa chumba kingine, sikio langu lilikuwa kwake. Fimbo ikigusa sakafu, mguu wangu unaondoka kwenye pedeli ya cherehani wenyewe. Ikinyamaza, nasimama nikaangalie kwa nini imenyamaza. Nilikuwa nimechoka mpaka meno. Siku moja mteja alinikuta nimesimama katikati ya chumba na kipande cha kola mkononi, na akanisalimu mara tatu.

Yule dada wa mazoezi kule kliniki ndiye aliyeleta habari za baiskeli. Alimkunja mguu, akaunyoosha, akamwuliza kama aliwahi kuendesha. Mume wangu akamcheka. Dada akasema basi arudi kuendesha, ni dawa nzuri kwa nyonga iliyokauka, lakini polepole, mahali tambarare, na asirushwerushwe. Alilirudia hilo akiniangalia mimi. Ule mfupa haujawa na nguvu ya kupigwa na mashimo.

Mume wangu alirudi nyumbani siku hiyo akiwa anaongea. Alitaka kwenda mpaka kwenye duka la dawa za mifugo pale barabara kuu na kurudi. Kwake yeye huo ulikuwa mwanzo wa kurudi kwa ng'ombe wake. Mimi nilisikia jambo jingine kabisa. Nilisikia saa nzima. Kwenda na kurudi na porojo za pale dukani, saa nzima yeye hayumo nyumbani, na mimi sina wa kumsikiliza. Niliitamani hiyo saa kama mtu anavyotamani chakula, na nikaona aibu, na aibu haikuipunguza.

Tatizo likawa foku. Foku ni ile miguu miwili ya mbele inayoshika gurudumu. Kwenye baiskeli za kawaida ni chuma tu, lakini kwenye hii yetu kila mguu ni bomba linaloteleza ndani ya bomba jingine. Gurudumu likiingia shimoni linazama, likitoka linarudi, na mkono wa mwendeshaji haujui sana kilichotokea. Tuliposhusha baiskeli kutoka ukutani, foku haikuzama wala kurudi. Mle ndani hazikuwa springi bali vipande vya raba, na raba zilikuwa zimeoza zikageuka gundi ya rangi ya kahawia. Hiyo gundi iligusa suruali yake nzuri na haikutoka tena.

"Tafuta foku nyingine," akaniambia. "Iwe kama hii."

"Baba, hii imekufa."

"Basi iwe kama hiyo iliyokufa."

Nilimjibu sawa. Huyu ni mtu aliyekuwa akiniambia iwe hivi na iwe vile kila siku ya Mungu, kuanzia chai hadi mto, na mdomo wangu ulikuwa umezoea kusema sawa bila sikio kupokea chochote.

Fundi niliyempata yuko mjini, nyuma ya soko, pamoja na wale wanaouza baiskeli za mitumba. Ni mtu mzima, ana mvi za pembeni. Zamani alikuwa akitengeneza miguu ya magari, springi na shokomzoba zake, akaacha kwa sababu ya mgongo, akahamia baiskeli ambazo hazimlazimu kulala chini yake. Nilimpelekea yetu kwa pikapu ya jirani. Aliizunguka mara mbili akiwa ameshika kidevu.

"Mathe, hii ni ya zamani sana. Shingo yake ni nyembamba. Hizi foku za siku hizi haziingii."

Alipekua lile rundo la vyuma kwa muda mrefu, akatoa mbili tu zilizoingia na zilizokuwa na masikio ya kufungia breki zetu za raba. Moja ilikuwa fupi. Nyingine ilikuwa ndefu, nyeusi, yenye mabomba mazito. Aliweka kifua chake kwenye ile fupi akaigandamiza, ikazama inchi mbili na nusu. Akaigandamiza ndefu, ikazama inchi tano, taratibu, ikarudi bila kelele. Akaniambia nichague.

Sikutaka kuchagua kwa kubahatisha. Nilirudi Lanet nikafanya kitu ambacho mtaa haujaacha kunisimulia. Nilichukua tepu yangu ya kupimia nguo na fimbo moja iliyonyooka, nikatoka nikaenda kupima barabara. Kutoka kwenye geti letu mpaka barabara kuu ni udongo, na mvua zilikuwa zimeuchimba. Nililaza fimbo juu ya shimo, nikateremsha tepu mpaka chini, nikaandika kwenye daftari langu la vipimo, mahali ninapoandika mabega na viuno. Shimo la kwanza, inchi tatu. La pili, tatu na nusu. Mbele ya kanisa, nne. Pale kwenye kona wanaposimama vijana wa boda boda, tano.

"Mathe, unashonea barabara suruali?" mmoja akaniuliza.

"Usisahau kiuno!" mwingine akapaza sauti, wakacheka mpaka wakashikilia pikipiki.

Niliwaambia watakufa maskini, nikaandika tano. Nilikuwa na uhakika wangu. Shimo kubwa kuliko yote ni inchi tano, kwa hiyo foku ya kulimeza ni ya inchi tano. Ingekuwa gauni, ningesema nimepima vizuri kabisa.

Fundi naye alikubali haraka. Nataka nieleze kwa nini, kwa sababu siyo ujinga wake peke yake. Huku kwetu hakuna gari linaloachwa na kimo lilichotoka nacho kiwandani. Mtu akinunua kigari chake leo, kesho kiko gereji kinainuliwa. Kinawekewa vipande vya raba juu ya springi kisiguse mawe ya barabara za mashambani. Zile pikapu zinazobeba watu na maziwa kutoka Subukia zimeinuliwa mpaka akina mama wanasukumwa kuingia. Huyu fundi aliinua magari nusu ya maisha yake. Kimo kwake ni afya.

"Shimo yenu kubwa ni ngapi?" akaniuliza.

"Tano."

"Basi chukua ya tano. Hii fupi ni ya watu wa lami."

"Haitakuwa juu sana?"

"Juu ndio poa, mathe. Kwani gari tunainua ya nini?" Halafu akafikiri kidogo. "Ila ukienda pole sana, hendeli itakuwa inataka kuanguka upande. Ataizoea."

Nikachukua ya tano.

Ilirudi nyumbani siku ya Jumamosi. Hata mimi nisiyejua baiskeli niliona kwamba pua imeinuka. Ilikuwa inatazama juu ya ua. Fundi alikuwa ameiosha. Mume wangu alikuwa ameshanyoa na kuvaa viatu vyake vya kazi, amevivaa mwenyewe, kiatu cha mguu mbovu kilimchukua sehemu kubwa ya asubuhi na alinikataza kusaidia. Alitoka mlangoni na fimbo, akaiegemeza fimbo ukutani, akashika hendeli. Aliizamisha foku mara moja. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kisha akailaza baiskeli upande wake, kama alivyofanya maelfu ya mara, akainua ule mguu mbovu uupite mtaimbo, lile bomba la juu kati ya kiti na hendeli.

Haukupita. Kiatu kiligonga mtaimbo kikarudi chini. Akailaza baiskeli zaidi, akajaribu tena, na uso wake ukabadilika rangi. Kiti tulikuwa tumeshakiteremsha mpaka mwisho, kwa hiyo hapakuwa na kitu kingine cha kuteremsha. Mara ya tatu alishika suruali yake kwa mkono, pale kwenye goti, akajaribu kuuvuta mguu juu kama mzigo wa mtu mwingine. Nikaenda nimsaidie. Akasema, "Acha."

Alisimama pale. Alijaribu kuisukuma hatua chache kwa kutembea, na gurudumu la mbele likawa linaanguka upande mmoja, likirudishwa linaangukia upande wa pili, vile vile fundi alivyosema. Akaiegemeza ukutani.

"Mmeiinua," akasema.

"Kwa sababu ya mashimo. Yule dada alisema usirushwerushwe."

"Nilisema iwe kama ile ya zamani."

Hakusema kwa ukali. Laiti angesema kwa ukali. Alichukua fimbo yake, akaingia ndani, nikasikia kiti cha wateja kikilia alipokikalia. Alikuwa amerudi chumba changu cha kushonea na viatu vyake vya kazi.

Nilimfuata. Najua nilichosema kwa sababu nimekirudia kichwani mara nyingi sana tangu hapo.

"Nimezunguka mjini na vyuma. Nimepima mashimo watu wakinicheka. Unataka nifanye nini tena? Nikubebe mgongoni nikupeleke?"

Akailaza fimbo magotini.

"Nilitaka tu utoke," nikasema. "Saa moja, Baba. Siyo upone. Utoke tu, nikae kwenye hii nyumba saa moja bila kukusikiliza. Nimechoka na wewe."

Baada ya miaka thelathini na kitu ya ndoa, mtu hudhani ameshayasema maneno yote makali. Hayo nilikuwa sijawahi kuyasema. Yeye aliangalia viatu vyake. Kisha akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba chai iko jikoni imepoa, nikitaka niipashe. Nikaenda jikoni nikalia nikiwa nimeshika sufuria, na sikuipasha.

Siku tatu tuliishi kwa adabu. Aliacha kusema habari za mishono. Alikaa chumbani na mlango ukiwa umefungwa, na alipotembea alijitahidi fimbo isigonge sakafu, nami nikawa nasikiliza zaidi kuliko zamani. Adabu ile ilinichosha kuliko matusi.

Siku ya nne alikuja mteja, mwanamke wa kambi ya wanajeshi anayetaka rinda la harusi ya dada yake. Nilimwambia anyooshe mikono. Nilipokuwa nazungusha tepu kiunoni mwake, mkono wangu ulisimama. Nilikuwa naangalia daftari lililofunguliwa juu ya meza: ukurasa mmoja una mabega ya watu, ukurasa wa pili una mashimo. Mimi ni mtu wa kupima watu. Ndiyo kazi pekee ninayoijua. Mteja hawezi kuniambia nimshonee suruali kwa kunieleza tu njia anayopita akienda sokoni; nitamfukuza. Na nilikuwa nimempimia mume wangu njia, shimo kwa shimo, wala sikumpima yeye. Nilimwambia yule mwanamke arudi kesho. Alikasirika kidogo.

Niligonga mlango wa chumba chetu wenyewe.

"Simama hapa," nikamwambia, "uegemee ukuta."

"Ya nini tena?"

"Nataka kukupima."

Akashika fimbo, akasimama. Nilimwambia ainue ule mguu mpaka pale anapoweza bila maumivu, siyo pale anapotaka. Aliinua zaidi ya anavyoweza, kama wanaume wanavyovuta tumbo ndani wakipimwa kiuno, nikamwambia ashushe aanze upya. Safari ya pili aliinua kweli. Nilipiga magoti nikachora mstari kwa chaki ya kushonea kwenye fremu ya mlango, pale kilipofika kisigino. Nilishangaa jinsi ulivyokuwa chini. Nimemvisha huo mguu soksi mwaka mzima na nusu na sikuwa najua unafika hapo tu.

Kisha nikaleta baiskeli mpaka mlangoni, yeye akailaza kama anavyoilaza anapopanda, nikaweka tepu kati ya mtaimbo na mstari. Mtaimbo ulikuwa juu ya chaki kwa inchi moja.

"Inchi moja tu," akasema.

"Inchi moja tu," nikasema. Tulikuwa hatujasema neno moja kwa pamoja siku nyingi.

Nilirudi mjini kesho yake. Ile foku fupi ilikuwa imeshaondoka. Mtu mmoja aliichukua siku moja tu baada ya sisi kuchukua yetu. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa pale kwa fundi nikahisi nikifumba macho nitalala hapo hapo. Nikamwonyesha daftari. Nikamweleza habari za chaki na kisigino. Alisikiliza akijifuta mikono, na nilipomaliza alikuwa ameacha kujifuta.

"Mathe, si ungesema ni mgonjwa wa mguu?"

"Hukuuliza."

"Ni ukweli. Niliuliza shimo tu."

Akafikiri. Akaniambia ukitaka mtaimbo ushuke inchi moja, foku lazima ishuke mbili, kwa sababu inainua mbele tu na nyuma inabaki chini. Na foku ndefu inaweza kufupishwa. Unaifungua, unaweka kipande cha bomba ndani ya kila mguu, chini, pale inapotaka kurudi juu, nayo inazuiwa isinyooke yote. Alikuwa hajawahi kufanya. Amekuwa akiweka vipande vya kuinua vitu maisha yake yote, akasema, na leo anaweka cha kuteremsha. Alikata bomba la maji kwa msumeno, vipande viwili vya inchi mbili mbili, akavipima kwa tepu yangu kwa sababu hakuiamini yake. Aliweka na springi laini kidogo. Ilipofungwa, pua ya baiskeli ilikuwa imetazama mbele tena. Niliisukuma mwenyewe nikaona gurudumu halianguki.

"Sasa inazama tatu," akasema. "Lakini ile shimo yenu ya tano bado iko."

Hilo nililiwaza njia nzima. Kama foku haiwezi kuongezeka, basi shimo lipungue. Jioni hiyo nilibeba jembe na karai nikaenda kwenye kona. Kuna nyumba inayojengwa hapo karibu, na mwangalizi wake aliniruhusu kuchukua vifusi. Nilimwaga karai la kwanza, nikakanyaga, nikapima. Inchi nne na nusu. Mgongo ukaniuma. Wale vijana wa boda walinitazama kwa muda, na safari hii hakuna aliyetaja suruali.

"Mathe, ni ya nini hii?" yule wa kwanza akaniuliza.

"Ni ya mzee wangu. Anataka kupita na baiskeli."

"Daktari wa ng'ombe? Yule alibanwa?"

Akaninyang'anya karai. Walikuwa wanne, na walimaliza kona kabla jua halijashuka, kisha wakaendelea mpaka mbele ya kanisa wakibishana nani anakanyaga vibaya. Nilipita nyuma yao na tepu. Popote palipozidi tatu nilisema bado, nao wakarudi kuongeza. Inchi mbili nilizotoa kwenye foku ziliingia kwenye ile barabara, na zilikuwa nzito.

Asubuhi iliyofuata alivaa viatu vyake tena. Sikusaidia na sikutoka nje. Nilisimama nyuma ya pazia la chumba cha kushonea. Alilaza baiskeli. Aliinua mguu, na kiatu kikapita juu ya mtaimbo kwa unene wa sarafu hivi, kikaukwaruza kidogo, kikatua upande wa pili. Alisimama hapo na baiskeli katikati ya miguu yake, hajaenda popote, amenipa mgongo. Mabega yake yalipanda na kushuka mara kadhaa. Kisha akaweka mguu mzima kwenye pedeli, akasukuma.

Alitoka getini akiyumba. Nilihesabu pumzi. Nikausikia mnyororo unaelekea kwenye kona, nikausikia ukipita kona, kisha sikuusikia.

Nilikuwa nimepanga mambo mengi ya hiyo saa. Kulikuwa na rinda la yule mwanamke wa kambini. Kulikuwa na nguo za kufua. Nilikaa kwenye kiti cha wateja, kile chake, nikajaribu, nione kwa nini anakipenda hivyo. Nyumba ilikuwa kimya. Sikio langu lilienda chumbani likakuta hakuna mtu, likaenda chooni, likaenda jikoni, na kila mahali hakuna mtu anayeweza kuanguka.

Nilipofungua macho alikuwa mlangoni. Hakuwa ameingia. Alikuwa bado amekaa juu ya baiskeli, mguu mmoja umekanyaga kizingiti, mkono umeshika fremu ya mlango. Jasho lilikuwa linamtoka, na vumbi limekaa kwenye nyusi kama zamani. Tepu ilikuwa imenichora shavuni. Niliihisi kwa vidole. Niliruka kusimama. Sikujua nimelala kwa muda gani wala kama ameniita. Nikaanza kusema pole, ngoja nikushushe, chai sijaweka.

"Kaa," akasema.

Nikakaa.

"Umelala kidogo sana. Nimefika dukani nikarudi, sikukuta watu." Aliangalia barabara, akavuta pumzi, nikaona kwamba mguu unamuuma na kwamba hataki nione. "Wacha nizunguke tena. Wewe lala."

Akasukuma kizingiti kwa mguu. Nilisikia geti, nikasikia mnyororo ukienda polepole kuelekea kwenye kona, na sikuinuka kuangalia.